Fuata Mfereji: Lugha ya Njia za Miguu Bomeni, Taveta

Utangulizi

Mgeni afikaye Bomeni, mjini Taveta, akauliza njia ya kwenda kwenye chemchemi za Njoro Kubwa, anaweza kujibiwa kwa maneno mawili tu: fuata mfereji. Kwa mwenyeji jibu hilo linatosha. Kwa mgeni aliyelelewa Nairobi au Mombasa lina utata mkubwa, kwa kuwa kwake mfereji ni kile kifaa cha chuma kinachochomoza ukutani, kinachofunguliwa ili maji yatoke. Mfereji wa namna hiyo haufuatiki.

Makala haya yanachunguza Kiswahili kinachohitajika katika kueleza njia za miguu katika eneo la Bomeni na viunga vyake. Hoja inayojengwa ni kwamba maelezo ya njia ni aina ya utungaji yenye sarufi na msamiati wake, na kwamba taaluma ya Kiswahili haijaipa nafasi inayostahili. Wanafunzi hufundishwa kuandika barua, hotuba, kumbukumbu za mikutano, ratiba na hata mapishi. Maelezo ya njia hupewa, kwa bahati nzuri, nusu kipindi. Hasara ya upungufu huo si ya darasani peke yake. Njia ambayo haijaandikwa popote huzibwa kwa urahisi, na inapozibwa huondoka na majina yake.

Kwingineko hali ni tofauti. Nchini Uingereza vijiji vingi vina vijitabu vinavyomwongoza mtembezi hatua kwa hatua: atokee kanisani, apite malishoni, avuke daraja, kisha afuate ukingo wa mfereji mkubwa uliochimbwa katika karne ya 18 au ya 19 kwa ajili ya mashua za mizigo. Ukingo huo una njia kwa sababu farasi walipita hapo wakizikokota mashua kwa kamba. Kazi ya farasi imekwisha, njia imebaki. Sheria ya mwaka 1949 iliziagiza halmashauri za Uingereza na Wales kuziorodhesha njia za miguu za umma na kuzitia katika ramani, na kijitabu cha kijiji huandikwa juu ya msingi huo. Maandishi na haki ya kupita vimekwenda pamoja.

Mahali penyewe

Taveta imo katika Kaunti ya Taita Taveta, zaidi ya kilomita 100 magharibi mwa Voi, mpakani mwa Kenya na Tanzania. Ng'ambo ya mpaka ni Holili. Kaskazini kuna Ziwa Chala, ziwa la kreta lililogawanywa na mpaka huo, lisilo na mto unaotoka ndani yake juu ya ardhi. Kusini kuna Ziwa Jipe, linalopokea maji ya Mto Lumi, ambao chanzo chake ni miteremko ya Kilimanjaro. Kati ya maziwa hayo mawili nchi ni kavu, isipokuwa pale ambapo maji ya Lumi na ya chemchemi huchepushwa kwa mifereji hadi katika mashamba ya migomba, mahindi, nyanya na mboga. Kilimo hiki cha mifereji si kigeni: wasafiri wa karne ya 19 walikikuta.

Mifereji hiyo ndiyo iliyozaa njia. Anayechimba mfereji hana budi kuupitia mara kwa mara ili kuuzibua, kulinda zamu yake ya maji na kumwangalia jirani asiyeheshimu zamu. Miguu yake huufanya ukingo uwe njia, nayo njia hutumiwa na wengine wasio na shamba: watoto waendao shuleni, wanawake waendao sokoni, wachungaji. Hapa ndipo Bomeni na kijiji cha Kiingereza hukutana, ijapokuwa kule ni farasi aliyeikanyaga njia na hapa ni mwenye jembe.

Jina la Bomeni

Yeyote anayeieleza njia huanza na jina la mahali pa kutokea, kwa hiyo yafaa jina hilo lichunguzwe kwanza. Shina lake ni boma, neno lenye maana zaidi ya moja: ua wa mifugo, ngome, na, tangu enzi za ukoloni, kituo cha serikali. Taveta ya karne ya 19 ilikuwa yenyewe boma la aina yake, kwani wenyeji waliishi ndani ya msitu mnene wa kandokando ya Lumi, na njia za kuingilia zilikuwa nyembamba, zenye malango ya magogo dhidi ya mashambulizi. Hata hivyo, jina lililoshika katika mji wa leo lina sura ya Kiswahili na limekaa penye mji wa kiutawala. Maana ya kituo cha serikali ndiyo yenye uzito zaidi.

Kinachovutia zaidi ni mwisho wa jina. Kwa kanuni ya Kiswahili Sanifu, boma likiongezwa kiambishi tamati cha mahali -ni hutoa bomani, na Bomani ni jina linalopatikana katika miji kadhaa ya Tanzania. Irabu -e- ya Bomeni imetoka wapi? Ridder Samsom na Thilo Schadeberg, katika makala yao ya mwaka 1994 kuhusu kiambishi hiki, walionyesha kwamba -ni ni masalio ya nomino ini, yaani kiungo cha mwili. Ikiwa umbo la asili ni -ini, basi boma na -ini hukutanisha irabu a na i, na muungano wa irabu hizo katika Kiswahili unajulikana kwa kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza: ma- na -ino hutoa meno, ma- na -iko hutoa meko. Kwa mantiki hiyo Bomeni si kosa la matamshi. Ni umbo ambalo Kiswahili Sanifu kimeliacha, jina la mahali likalihifadhi.

Jina la jirani, Njukini, linafuata kanuni ileile ya kiambishi cha mahali, ila shina lake ni njuki, ambalo katika lugha kadhaa za Kibantu za bara ndilo nyuki wa Kiswahili. Njoro Kubwa nalo ni mseto: jina la kienyeji limevishwa kivumishi cha Kiswahili. Mtembezi akisoma majina haya kwa utaratibu huona jinsi Kitaveta, ambacho ni jamaa wa karibu wa Kichasu kuliko wa Kidawida, kilivyokutana na Kiswahili njiani, wala si shuleni.

Mfereji, mfongo na bomba

Turejee kwa mgeni aliyeachwa amesimama. Katika Kiswahili cha Kenya maji ya mfereji ni maji ya kufunguliwa kwa mkono. Upande wa Tanzania kifaa hicho ni bomba, na mfereji ni handaki la kupitisha maji. Tofauti hii hutajwa vitabuni kama mfano wa kawaida wa tofauti za kimaeneo, ikasahauliwa. Taveta haiwezi kuisahau kwa sababu maana zote mbili huishi pamoja katika mji mmoja, na siku za soko, Jumatano na Jumamosi, wauzaji na wanunuzi kutoka pande zote mbili za mpaka huulizana njia na kuelekezana. Wachaga wa Kilimanjaro wana neno mfongo, wingi mifongo, kwa mfereji wa asili wa umwagiliaji, na neno hilo limekwisha kuingia katika maandishi ya Kiswahili ya Tanzania. Lina faida ya kutochanganyika na bomba. Waandishi wa Kenya wangeweza kuliazima bila aibu.

Msamiati wa sehemu za mfereji ni finyu zaidi katika kamusi kuliko mashambani. Mtembezi anahitaji kujua banio, yaani mahali maji yanapozuiwa na kuingizwa mferejini. Tuta, yaani udongo uliorundikwa kando wakati wa kuchimba. Ukingo, ambao ni ukomo wa ardhi na maji. Na mchepuko, yaani tawi linaloelekea shambani. Maneno haya yote ni ya Kiswahili. Kinachokosekana ni mazoea ya kuyatumia kwa upambanuzi. Mwandishi anayesema "pita kando ya mfereji" hajasema kama mtu apite juu ya tuta au chini yake, na baada ya mvua tofauti hiyo huamua kama atafika na viatu.

Sarufi ya kuelekeza

Kwanza, mielekeo. Dira ya Kiswahili imetokana na pwani: kaskazini na kusini ni majina yenye uhusiano na pepo za kaskazi na kusi, zilizoendesha vyombo baharini. Bara, kando ya mfereji, dira hii hutumika kwa shida. Mwenyeji huongozwa na maji na mlima. Juu ni kule maji yanakotoka, chini ni kule yanakokwenda, na Kilimanjaro, kinachoonekana upande wa kaskazini-magharibi mawingu yakiondoka, ni alama isiyohama. Kwa hiyo "panda juu" katika nchi iliyo karibu kuwa tambarare haimaanishi kupanda kilima chochote. Humaanisha kwenda kinyume cha mkondo.

Pili, ngeli za mahali. Hakuna utungaji unaodhihirisha thamani ya pa-, ku- na mu- kuliko huu. "Pale panapovukwa" ni mahali mahususi ambapo mtu ataweka mguu. "Kule kunakovukwa" ni upande tu, na anayeambiwa hivyo bado atalazimika kuuliza tena. "Mle mnamovukwa" humwingiza majini. Mwanafunzi aliyezikariri ngeli hizi kama jedwali hugundua kwamba kuzikosea kunaweza kumpoteza mtu njia.

Tatu, hali ya kitenzi. Maelezo ya njia yaliyofasiriwa kutoka Kiingereza hutambulika papo hapo kwa mfululizo wa amri: Geuka kushoto. Tembea. Vuka daraja. Geuka kulia. Kila sentensi ni sahihi, lakini kwa pamoja zinasikika kama gwaride. Kiswahili huanza na amri moja, kisha huendelea kwa dhamira tegemezi: "Shika njia ya sokoni, uende hadi penye daraja, uvuke, kisha ukaulize pale dukani." Kiambishi -ka- katika ukaulize nacho hakikuwekwa kwa pambo. Huonyesha kwamba tendo litafanyika mbele ya safari, mbali na hapa wanapozungumza. Kwa wageni na wazee, wasemaji wengi huitupa hata ile amri ya kwanza: "Ushike njia hii, mzee, utafika." Adabu na sarufi hapa ni kitu kimoja.

Nne, masafa. Kilomita ni za barabara. Njia ya miguu hupimwa kwa mwendo: mwendo wa nusu saa, mwendo wa asubuhi. "Ni hapo tu" si kipimo cha umbali, ni maneno ya kumtia msafiri moyo, na msikilizaji mzoefu huyafasiri hivyo.

Njia ya misafara

Lugha hii ya njia ina historia ndefu Taveta. Kabla ya reli, misafara ya biashara kutoka Mombasa na Pangani ilipumzika hapa, na Waswahili walikuwa na makao yao msituni kwa idhini ya wenyeji. Charles New alipita mwaka 1871 akafika hadi Chala. Joseph Thomson alifika mwaka 1883, na huko Taveta ndiko alikokutana na Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa pembe kutoka Pangani, ambaye ujuzi wake wa njia za Umasaini ulimsaidia. Vitabu vya Wazungu hao vimejaa majina ya mahali waliyoyapata kutoka vinywani mwa Waswahili na wapagazi wao. Jina linalofikiriwa kuwa "limegunduliwa" mara nyingi limenukuliwa tu.

Msafara ulikuwa na kirangozi, mtu aliyetangulia mbele. Penye njia panda aliizuia njia isiyofaa kwa tawi au kwa mstari wa mguu mchangani, ili walio nyuma wasipotee. Alikuwa akiandika maelezo ya njia, ila kwa tawi badala ya kalamu. Neno kiongozi, ambalo leo huwaza jukwaa na kipaza sauti, lilikuwa na jasho zaidi zamani hizo. Wapagazi walikuwa pia na neno terekeza, mwendo wa kuanzia alasiri na kulala pasipo maji, uliokuwa wa lazima katika nyika kavu ya Taru. Aliyeterekeza kutoka pwani aliufahamu uzito wa kusikia maji ya Lumi.

Misafara ilikatika. Njia panda ya wapagazi iliacha jina: ng'ambo ya mpaka, karibu na Himo, kuna mji unaoitwa Njia Panda, na magari ya leo bado hugawanyika hapo.

Salaita, Girigan na hadithi za majina

Njia ya kuelekea mashariki kutoka Bomeni humpitisha mtembezi karibu na makaburi ya kijeshi na reli, kisha mbali zaidi hufika kilima cha Salaita. Wajerumani waliiteka Taveta mnamo Agosti 1914 wakaishikilia hadi Machi 1916. Tarehe 12 Februari 1916 majeshi ya Uingereza, wakiwemo askari wapya wa Afrika Kusini, yalikishambulia kilima hicho yakarudishwa nyuma kwa hasara. Reli ya kutoka Voi ilianza kujengwa mwaka 1915 kwa ajili ya vita hivyo.

Yapo maelezo ya mitaani kwamba Salaita limetokana na neno la Kiingereza "slaughter", yaani machinjo. Hadithi inapendeza na waongoza watalii wana sababu ya kuipenda. Fonolojia haiikubali. Irabu ya neno hilo la Kiingereza huingia katika Kiswahili kama o: ndiyo iliyotupa bodi, fomu, stoo na droo. Mfuatano ai wa Kiswahili hutokana na irabu nyingine ya Kiingereza, ile ya laini, faini, saini na baiskeli. Kwa kanuni hizo machinjo yangetoa umbo kama silota, si Salaita. Fauka ya hayo, kilima kilekile kiliitwa pia Oldorobo katika maandishi ya vita, jina lenye kiambishi cha Kimaasai ol-. Kilima kilikuwa na majina kabla ya mizinga.

Mfano wa upande wa pili ni jumba lililo juu ya kilima kwenye njia ya kuelekea Jipe, lililojengwa na Ewart Grogan katika miaka ya 1930 alipokuwa na shamba la mkonge. Wenyeji huliita Girigan. Hapa utohozi ni wa kweli na kanuni zake ziko wazi: mfuatano gr huvunjwa kwa irabu, kama ilivyo katika gilasi, burashi na dereva, na irabu iliyochomekwa imeivuta hata o ya asili. Grogan alijulikana duniani kwa safari ya kutoka kusini mwa Afrika hadi Cairo, aliyoifanya kwa sehemu kubwa kwa miguu kati ya 1898 na 1900. Yeye aliiandikia kitabu safari yake. Wapagazi waliotembea hatua zilezile, na mizigo kichwani, hawakuandika.

Njia isiyoandikwa

Katika muongo wa 2010 barabara ya lami ilifika Taveta na kituo cha pamoja cha mpakani kikafunguliwa. Thamani ya ardhi hupanda panapofika lami, nayo seng'enge hufuata. Mmiliki anayezungushia shamba lake ua mara nyingi hana nia mbaya: hati yake inaonyesha mipaka, haionyeshi ukingo uliokanyagwa na vizazi. Mfereji ukijengewa kwa saruji, kazi ya kuuzibua hupungua, na pamoja nayo hupungua miguu. Mchepuko ukikauka, jina lake hukosa pa kushika. Mwenyeji anayedai haki ya kupita ataulizwa ushahidi, naye ushahidi alio nao ni kusema: tumepita hapa siku zote.

Ufuatao ni mfano mfupi uliotungwa kwa ajili ya mjadala wa darasani:

"Utoke sokoni uishike njia ya mashambani hadi penye mfereji. Usiuvuke. Upande juu ya tuta, uende maji yakikujia usoni. Ukiona yanakwenda nawe, ujue umepotea, urudi. Utapita michepuko miwili iliyo kushoto kwako. Penye wa tatu pana gogo. Hapo ndipo panapovukwa. Ng'ambo yake njia huingia migombani, na mle migombani mna giza hata adhuhuri, basi usikilize maji mpaka utokee penye chemchemi. Ni mwendo wa saa moja kwa asiyeharakisha."

Aya hii ina mambo ya kujadiliwa. "Kushoto kwako" imechaguliwa badala ya "ukingo wa kushoto" kwa sababu kushoto kwa mtembezi anayekwenda kinyume cha mkondo ni kulia kwa maji, na wataalamu wa mito huhesabu kingo kwa kufuata maji. "Pana gogo" na "mna giza" zimetofautisha mahali pa kukanyaga na mahali pa kuingia. Onyo la kupotea limewekwa mapema, kabla ya msafiri kupotea, jambo ambalo maelezo mengi husahau. Dira haikutajwa hata mara moja. Michepuko imehesabiwa, ila haikutajwa kwa majina, na huo ndio upungufu mkubwa wa aya yenyewe. Kila mchepuko huwa na jina, aghalabu la aliyeuchimba au la ukoo uliopewa zamu, na jina hilo haliwezi kupatikana maktabani. Mwanafunzi atakayelitaka itambidi atembee na mzee wa mfereji, amwache atangulie, na aandike kila anaposimama.